Kakaa Juu ya Nini?

Siku ya ishirini na mbili ya uzazi wangu wa tatu, mdogo wangu alinipigia simu kutoka Uturuki kuniuliza wanawake wakizaa hukalia nini.

Nimeandika vile vile alivyouliza, ili mujue hasira ilianzia wapi. Nilikuwa chumba cha ndani, nimefungwa mkaja tumboni mpaka mbavu zinalia. Mama mkwe ndiyo kwanza katoka kunikanda kwa maji ya moto, na mbele yangu pana bakuli la uji wa pilipili manga, ule ambao ukiunusa tu machozi yanakutoka. Mtoto kalala. Wale wakubwa wawili wako uwani wanagombania kifuniko cha sufuria. Simu ikalia, nikatazama, ni yeye. Nikafurahi. Nikasema leo kakumbuka kwao, anataka kumuona mtoto.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Washa picha umuone mpwa wako."

"Nitamuona inshaallah. Dada, kuna kitu nataka kukuuliza, lakini usikasirike."

Mie mtu akishaniambia usikasirike, nishakasirika.

"Uliza."

"Hivi wanawake... wakati ule... yaani wakati wenyewe ule... huwa wanakalia nini?"

"Wakati upi?"

Akakohoa. Nikamsikia anavuta pumzi huko aliko. "Wa kujifungua."

Kwetu sisi ndugu wa kiume hamuulizi dada yake maneno hayo. Atakuja akupe hongera, amwadhinie mtoto kama babake hayupo, atazame ukutani wakati unanyonyesha, basi, yamekwisha. Nikamwambia ana wazimu. Nikamwambia baridi ya huko imemganda kichwani. Nikamwambia na mengine ambayo mzazi wa siku ishirini na mbili hatakiwi kuyatamka.

Mama mkwe akapaza sauti kutoka jikoni: "Nani huyo wampigia kelele? Maziwa yatakukauka!"

"Mdogo wangu, mama! Anauliza wanawake wanazaa wamekalia nini!"

Nikasikia mwiko umesimama ndani ya sufuria. Kisha akauliza, taratibu kabisa:

"Kwani kaoa?"

"Hajaoa!"

"Basi ya nini kuyajua?"

Nikakata simu.

Mdogo wangu na mie tumepishana miaka miwili. Tumesoma chuo kimoja cha Kurani, skuli moja, tumekula sahani moja. Mie niliishia fomu foo, nikaolewa. Yeye akafika fomu siksi, akapata nafasi ya kusoma Uturuki, akapanda boti pale Mkoani, huku kwetu Pemba, na begi la kuazima, na sote tukijua anakwenda kusomea uhandisi. Mwaka wa pili akahamia lugha za kale. Alituambia akishahamia. Lugha yenyewe inaitwa Kihiti. Ilisemwa huko bara ya Uturuki zaidi ya miaka elfu tatu nyuma, na waliokuwa wakiisema wamekwisha wote, hakubaki hata mmoja wa kumuuliza. Walichoacha ni vibao vya udongo. Walikuwa wakiviandika udongo ukiwa mbichi, kwa kudonoa na ncha ya unyasi, vijialama kama kuku kapita.

Mama alipoulizwa na watu wa kijiji chetu cha Vitongoji mwanawe anasomea nini, alijibu alichokielewa: anasomea udongo. Watu wakamfanya bwana shamba. Mpaka leo kuna mzee mmoja jirani humwambia mama, "Mwanao akirudi mwambie aje atazame na udongo wa konde yangu, muhogo hautoi." Na mama humjibu, "Akirudi, inshaallah," wala hasahihishi.

Mama mkwe naye, nilipomweleza habari za vibao vya udongo, alinikazia macho. Kwake yeye kibao ni mbuzi. "Udongo na udongo, hiyo nazi utaikuna vipi?"

Sasa lile swali. Baada ya mie kukata simu alinituma voisi tatu, ndefu, za kujitetea. Alikuwa anaandika kazi yake ya kumalizia shahada ya pili. Sura moja ya kazi hiyo ilikuwa juu ya neno moja tu, harnau. Ile h yake ni ya kukwarua koo, ni kha yetu ya chuoni, na anasema wenzake darasani wanaihangaikia wakati yeye aliipata ana miaka mitano kwa bakora. Neno hilo linatokea kwenye vibao vya mambo ya uzazi. Linasemwa hivi: mwanamke kakaa harnau. Kamusi zinalieleza kuwa ni kiti cha kuzalia. Yeye neno kiti linamkera, hajui kwa nini linamkera, na mwalimu wake, bibi mmoja mkali asiyecheka, kampa mpaka mwisho wa mwezi. Ama alete maana nyengine yenye hoja ya kusimama, ama sura nzima aitoe. Na bila ya sura hiyo hapati nafasi ya kuendelea na shahada ya udaktari.

"Nikipita, dada, nakaa miaka minne myengine," alisema kwenye voisi ya tatu. "Nikishindwa, narudi nyumbani."

Nikaisikiliza hiyo mara mbili.

Kwa sababu mie nilitaka arudi. Nayasema wazi, sina haja ya kuyapamba. Baba alipokufa hakuja. Alikuwa na mitihani, na vibali, na sijui nini, na nyumba ya Vitongoji ikabaki na mama peke yake. Kila wiki mbili mie ndiye ninayefunga safari kutoka huku Chokocho, watoto wawili mkononi, mwengine tumboni, kwenda kumtazama. Mama halalamiki. Anauliza tu, "Mdogo wako hajambo? Kasema lini?" Basi kila nikiulizwa hilo neno lini, namchukia mdogo wangu kwa muda wa kama robo saa, halafu linapita.

Kwa hivyo huyu mtu anataka nimsaidie kukaa huko miaka minne myengine, na msaada wenyewe ni kumwambia nilizaa nimekalia nini.

Nikamuuliza mama mkwe. Msinishangae. Swali likishaingia kichwani mwangu halitoki mpaka nilijue, ndivyo nilivyo tangu skuli. Alikuwa kakaa mlangoni anachambua mchele.

"Mama, zamani mukizalia majumbani mukikalia nini?"

"Tukikalia dua."

"Wallahi nauliza kweli."

Akacheka mpaka ungo ukamtetemeka. Halafu akainuka, bibi wa miaka sabini, akaenda jikoni akarudi na vigoda viwili, akaviweka chini, akaacha nafasi katikati, akajishusha juu yake na buibui lake. "Tako moja hapa. Tako moja hapa. Katikati khanga, umeikunja mara nne. Mkunga mbele yako. Na nyuma awepo mtu wa kukushika, asiwe muoga. Dada yangu mkubwa aliniachia akakimbia, mpaka leo namsema." Akainuka akijishika kiuno. "Mwambie huyo mdogo wako. Na mwambie aoe."

Nikamwandikia: vigoda viwili. Akajibu hapo hapo, kafurahi, halafu baada ya dakika mbili furaha imekwisha. Vigoda viwili bado ni kiti. Mwalimu atasema hayo si ndiyo niliyokwambia. Na tena kuna kibao kimoja kinataja bakuli la harnau, kwamba limevunjika, na chengine kinataja vigingi vyake. Kiti gani kina bakuli?

"Choo," nikamwandikia.

Hakucheka.

Mdogo wangu kwa mambo ya uzazi anajua upande wa nje wa mlango tu. Hilo sitalisahau mpaka naingia kaburini. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kwa mama, Vitongoji, alinijia kwa haraka kabla gari haijapatikana. Yeye alikuwa fomu siksi wakati huo. Walimtoa nje, wakamwambia achemshe maji. Akachemsha. Wakamwambia alete mengine. Akaleta. Mie ndani nalia kwa sauti ambayo sikujua kuwa ninayo, na katikati ya kulia kwangu namsikia yeye ukutani kwa nje anasoma Yasini, anakosea, anarudia, anakosea pale pale, anarudia. Baadaye mama aliniambia kuwa maji aliyochemsha yalikuwa ya kukoshea kijiji kizima. Kila sufuria ya nyumba ilikuwa imejaa maji ya moto, na yeye kakaa kitako katikati yake jua linampiga, kashika kikopo, anangoja aambiwe tena.

Ndiyo maana hasira zangu kwake hazifiki mbali. Zinakwenda, zinakutana na yule mtoto wa masufuria, zinarudi.

Akapiga tena siku ya ishirini na nne, asubuhi. Mie sijalala, mtoto ana tumbo. Yeye sauti imechoka.

"Dada, nafikiri niwache tu niandike kiti."

"Andika."

"Maana lazima kiwe kiti. Kibao kinasema kakaa. Mtu hawezi kukaa bila ya kukaa juu ya kitu."

"Basi andika, kwani nimekukataza?"

"Hujui tu jinsi nilivyokaa na hili neno. Miezi mitatu, dada. Miezi mitatu nimekaa nalo."

Hapo ndipo. Sijui ni ile miezi mitatu, sijui ni kukosa usingizi, sijui ni mkaja. Nilimpa mtoto ziwa, nikaishika simu karibu na mdomo.

"Miezi mitatu? Weye umekaa na neno miezi mitatu, unataka nikulilie? Mama kakaa eda miezi minne na siku kumi! Miezi minne na siku kumi, hatoki, hajipaki hata mafuta, kila mlango ukigongwa anainua uso anafikiri ni weye! Kakaa juu ya nini, eh? Niambie weye msomi! Kakaa eda juu ya kiti gani? Eda ina miguu mingapi?"

Mama mkwe kaingia mbio na ukawa wa kufunikia chakula mkononi, akafikiri kuna mtu kafa.

Nikadhani bando limemuishia. Nikatazama, dakika bado zinahesabu.

"Nimekosa," akasema. Sauti ndogo. "Hilo nimekosa, dada, na nitalijibu kwa mama mwenyewe, si kwako." Kisha: "Lakini rudia."

"Nirudie nini? Nishasema."

"Maneno ya mwisho. Rudia."

"Kakaa eda juu ya kiti gani."

"Kakaa eda," akasema yeye, kama mtu anayeonja chumvi.

Na mie, Kiswahili skuli nilimshinda, kila mtihani, na hilo halikubali hata leo, mie nililiona wakati mmoja na yeye. Labda kabla yake. Nikasahau kuwa nimekasirika.

"Kukaa arubaini," nikamwambia.

"Kukaa itikafu."

"Kukaa fungate. Bwana harusi kakaa fungate siku saba. Kakalia nini, kigoda?"

Akaanza kucheka. "Na kukitakiwa kukaa kwa makalio?"

"Kuna kukaa kitako. Kiswahili kikitaka matako kinayataja, hakioni haya. Kikisema kakaa peke yake, hapo kuna kazi nyengine. Kakaa ndani ya jambo. Kaingia hali, hatoki mpaka imalizike." Nikajitazama nilivyo. "Mie mwenyewe nimekaa uzazini leo siku ya ishirini na nne, na muda wote huo nimelala chali!"

"Uzazini," akasema.

"Uzazini."

"Mwanamke kakaa uzazini."

"Na hilo bakuli lako," nikamwambia, kwa sababu bakuli lenyewe lilikuwa mbele yangu limenikodolea macho, "hilo ni bakuli la uzazini. Si bakuli la kiti. Kila mzazi ana bakuli lake, halili mtu mwengine. Akija mtu baada ya miaka elfu tatu akasoma bakuli la uzazini, halafu kamusi ikamwambia uzazini ni kiti, si atahangaika kama weye, anatafuta kiti chenye bakuli?"

"Na vigingi?"

"Vigingi sivijui. Usinitie maneno mdomoni."

Mama mkwe bado kasimama na ukawa. "Mumepatana?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. Akasema basi ninywe uji, umepoa.

Baada ya hapo ikaja sehemu ambayo sikuifanya vizuri.

Alitaka nimrekodie. Mwalimu wake hakubali mtu aseme kwetu tunasema hivi na hivi, anataka asikie watu wenyewe. Nirekodi tu, kwa maneno yangu, neno kukaa linavyotumika huku, mifano, na uzazini maana yake nini kwa anayekaa. Dakika kumi. Siku ya mwisho ya kupeleka ilikuwa Ijumaa.

Jumanne sikurekodi. Nilikuwa na kazi. Jumatano pia. Mtoto alilala muda mrefu Jumatano, nakumbuka, alilala kama anayenisaidia, simu iko kwenye mto, na mie natazama dari. Najua nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nangoja Ijumaa ipite. Sikuwa na haja ya kumwambia sitaki wala kumdanganya. Ingepita tu, na mzazi hasemwi, kila mtu angesema maskini, yuko na kichanga. Angeandika kiti, angeshindwa, angerudi na boti, mama angeacha kuniuliza lini.

Alhamisi akanitumia ujumbe. Hakunisukuma. Alisema kama nimechoka basi, yeye kaandika mwenyewe, na akanipachikia kipande alichoandika nikitazame. Nikakisoma. Kakieleza vizuri kukaa eda, kakieleza vizuri kukaa fungate. Kafika kwenye uzazini, kaandika hivi: uzazini ni wodi ya hospitali wanapojifungulia wanawake.

Wodi!

Ntu wa Pemba! Kazaliwa ndani ya chumba cha mama, kachemsha maji ya kukoshea kijiji, halafu anakwenda kuwaambia watu wa Ulaya kwamba uzazini ni wodi! Kibao cha mlangoni kilichoandikwa Wodi ya Wazazi ndicho kilichomponza, nakijua, cha rangi ya buluu, alipita hapo aliponiletea chai nilipozaa mtoto wa pili, wiki moja kabla hajaondoka. Miaka sita huko imemtoa neno kichwani, kikabaki kibao cha mlangoni. Nilihisi uso umepata moto. Na nikajua papo hapo kuwa hili siwezi kuliachia, arudi asirudi. Neno limekosewa, na anayelijua ni mie, na niko ndani yake.

Nikawasha simu nikarekodi. Sikutafuta mahali pa kimya. Nilianza kwa kumtukana, halafu nikafuta, nikaanza upya kwa Bismillahi. Nikasema uzazini si nyumba wala kitanda wala kiti, mtu anaweza kuwa uzazini juu ya mkeka, ndani ya gari, njiani. Nikasema unaingia uchungu ukianza na hutoki mtoto akitoka, watu wengi hawajui hilo, wanafikiri mtoto akitoka yamekwisha. Unatoka siku ya arubaini ukikoga. Katikati ya hapo hupiki, huchoti maji, husali, watu hawakusemi, una bakuli lako na maji yako na mkaja wako, na wa kukusemesha wanashusha sauti wakipita mlango. Nikasema kaburi linakuwa wazi muda wote huo, wazee wanasema hivyo, ndiyo maana tunasema kakaa. Kama anayekaa ukingoni. Mtoto akaamka akalia katikati, sikusimamisha, nikamnyonyesha na huku nasema. Mama mkwe kapita, kauliza nasema na nani, nikamwambia na Uturuki, na yeye kaongeza habari ya dada yake aliyekimbia, nayo imo. Zilitoka dakika kumi na moja.

Nikaituma. Nikageukia ukuta nikalia kidogo, si sana.

Baada ya siku tisa alipiga, sauti inaruka. Mwalimu kaisikiliza yote, mpaka kulia kwa mtoto, mdogo wangu kakaa pembeni anamfasiria. Hakusema kuwa ndiyo maana yake. Kasema inasimama. Kiti kimeachwa kibaki kama kilivyo kwenye kamusi, na hoja yetu nayo imeandikwa, na baina yao pana alama ya kuuliza. Vigingi havijulikani bado. Lakini sura imepita.

"Kwa hivyo unakaa," nikamwambia.

"Nakaa, dada." Kisha akasema, "Ungenyamaza."

Alijua, mshenzi. Alijua zile siku mbili zilikuwa za nini.

"Ningenyamaza ungeandika wodi," nikamwambia. "Washa picha umuone mtoto."

Siku ya arubaini na mbili, nishakoga, nikaenda Vitongoji kumwambia mama. Sikutaka aambiwe kwa simu. Nilikuta kaanika udaga wa muhogo, akanipokea mtoto kabla sijavua viatu, akamgeuza huku na huku, akasema masikio ya baba yake, bahati mbaya. Nikangoja ale. Nikamwambia yote: neno, kiti, bakuli, Ijumaa, miaka minne.

Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Na hilo neno maana yake nini?"

"Uzazini. Labda."

"Hilo tu?" Akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki kachina, ananuka. "Kaenda mpaka Uturuki, kasoma miaka yote hiyo, kutafuta hilo? Si angeniuliza mie."

"Aliniuliza mie."

"Na ukamwambia."

"Nikamwambia."

Akamlaza mtoto mapajani, akaanza kumnyoosha vidole kimoja kimoja. Nilijua hesabu inayopita kichwani mwake, kwa sababu mie nishaipiga.

"Usingemwambia angerudi," akasema.

"Angerudi."

"Angerudi vipi?"

Sikuelewa. "Kwa boti."

"Nakuuliza angerudi vipi. Kacheka? Kanuna?"

"Kanuna, mama. Angenuna mwaka mzima."

"Basi na akae." Akasema hivyo tu, uso chini. Kidole cha mtoto kikamponyoka akakishika tena. Nilimwona akipangusa pua kwa ncha ya mtandio. Kisha akainua uso, akanikunjia jicho moja. "Wa kunisusia na kuninunia ndani ya nyumba hii nnaye mmoja, kila wiki mbili ananijia na mizigo yake. Wawili siwawezi."

"Nani, mie?"

"Lete simu, nimsomee dua. Na ule, umekonda."

Nikampigia, nikampa simu, nikala.